Betri: Sawa

Kabla sijazima mtambo wa simu nilichungulia nje ya stoo kuhakikisha Mama Mkubwa haniangalii, halafu nikajiona mpumbavu. Mama Mkubwa haoni tangu akiwa na miaka sita. Aliyekuwa anajificha ni mimi, na niliyekuwa namficha ni mtu aliyenilea tangu mama yangu, mdogo wake, alipotangulia.

Mama Mkubwa ni opereta wa simu wa kiwanda hiki kwa miaka ishirini na miwili. Kiwanda kinajaza mitungi ya oksijeni ya hospitali, na kila mtungi umeandikwa namba ya simu kwa rangi nyeupe ubavuni. Ukiipiga, anapokea yeye. Ukiwa ndani ya kiwanda ukabonyeza sifuri, anapokea yeye pia, ndiyo maana wafanyakazi wanamwita Mama Sifuri, naye anaitika bila kinyongo. Mimi ni fundi wa nje. Nina mkataba wa kuuhudumia mtambo wao, ule unaogawa simu zote za kiwanda, kila baada ya miezi sita: kupangusa vumbi, kupima, kujaza daftari la huduma, kuaga.

Siku hiyo sikuja kupangusa vumbi. Mkononi nilikuwa na kadi mpya, kile kipande cha kuchomeka ndani ya mtambo ili simu zijipokee zenyewe: karibu, kwa mauzo bonyeza moja, kwa usafirishaji bonyeza mbili. Ikishafanya kazi, mwisho wa mwezi kiti cha Mama Mkubwa kinabaki kitupu. Meneja alinipa kazi hiyo siku sita nyuma. Ndani ya siku hizo nilipita nyumbani kwa Mama Mkubwa mara mbili, nikala, nikacheka, nikaaga, na mara zote mbili sikumwambia.

Nikazima. Nikachomeka kadi kwenye nafasi yake, nikawasha. Taa za kijani zikaanza kuwaka moja moja kama kawaida, na nilikuwa naanza kuvuta pumzi nilipotazama kioo kidogo cha mtambo. Kiliandika Januari mosi.

Tulikuwa Agosti.

Mtambo ule ni wa zamani. Mipango yake yote, nani ana namba gani, simu ya nje iite wapi, ipo kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo ya duara umeme unapozimwa. Betri ikifa hujui, kwa sababu umeme upo. Unajua siku unapozima. Nikafungua kifuniko cha betri, nikatoa kipimio, nikaigusa. Sindano haikujisumbua hata kutikisika.

Nikafungua daftari la huduma. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wangu: Betri: sawa. Wa kabla yake: Betri: sawa. Mara nne nimeandika, na mara zote nne sikuipima, kwa sababu ili uifikie inabidi ufungue skrubu sita na mimi nilikuwa na haraka zangu. Betri mpya ilikuwa kwenye mkoba wangu mwaka wa pili sasa, ndani ya pakiti yake, haijafunguliwa.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Siku niliyoupanga mtambo huu niliichapa mipango yote kwenye karatasi ya faksi, ile inayoandikwa kwa joto bila wino, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki ili isiharibike, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati kwa majivuno. Nikaichomoa. Karatasi ilikuwa nyeupe pe. Plastiki yenyewe ndiyo iliyokula maandishi, jambo ambalo fundi yeyote wa simu anatakiwa kulijua, na mimi nalijua vizuri sana leo.

"Mwanangu," Mama Mkubwa akaita kutoka mapokezi, upande wa pili wa ukuta. "Simu zangu zimenyamaza. Umezikata zote?"

"Dakika mbili, Mama Mkubwa."

"Dakika mbili za kwako au za saa?"

Mtambo uliopoteza kumbukumbu unarudi ulivyotoka kwa watengenezaji: simu zote za nje huita kwenye tundu la kwanza, pale unapochomekwa waya wa simu ya kwanza. Nilikuwa najaribu kukumbuka tundu la kwanza ni la nani nilipomsikia mlinzi wa getini anakuja anakimbia, buti zinapiga sakafu.

"Mama Sifuri! Huku kwangu simu inaita haipoi! Nimepokea hospitali ya wilaya, wanataka mitungi kumi na miwili. Nimewaambia mimi ni mlinzi, wakanitukana."

"Waambie gari limetoka saa mbili, lina mitungi ishirini, wao ni kituo cha pili," akasema Mama Mkubwa. "Na kama ni yule daktari mwenye mafua, mwambie pole."

Mlinzi akarudi mbio. Simu yangu ya mkononi ikaita mfukoni. Meneja. Alikuwa mjini kwenye kikao, na mtu wa mauzo alishamfikishia habari.

"Fundi, hospitali zinaongea na mlinzi wangu?"

"Narekebisha, bosi."

"Nakuja. Nikifika nisikie ile kadi inapokea simu. Kama huwezi, sema, nimwite anayeweza."

Nikatoka stoo nikasimama mbele ya meza ya Mama Mkubwa. Alikuwa ameweka viganja juu ya simu yake kubwa yenye vitufe, ile ile inayotumika kuupanga mtambo. Hakuonekana na wasiwasi. Alionekana kama mtu anayesubiri kitu.

"Mtambo umesahau kila kitu," nikasema.

"Betri?"

"Imekufa."

Kila nilipomaliza huduma aliniuliza swali moja: betri umepima? Na kila mara nilimjibu: sawa. Nilisubiri anikumbushe. Laiti angenikumbusha! Angefoka ningepata pa kufokea. Akasogeza kiti chake pembeni kunipa nafasi.

"Leta stuli. Mimi nasema, wewe bonyeza. Tundu la kwanza getini, mia mbili na kumi."

Kumbe nilikuwa nimesahau hata hilo. Nikakaa, magoti yetu yanagusana, nikaanza kubonyeza. Matundu arobaini na nane. Aliyataja bila kutua, kama anayetaja majina ya wajukuu.

"La pili, chumba cha kujazia, mia mbili kumi na moja. Hiyo iite kwa sauti ya juu, mashine zinapiga kelele. La tatu, stoo ya mitungi. Hiyo uipe muda mrefu, iite mara kumi, mtunza stoo ana mguu mbaya, akifika simu imekata anakuja kunilaumu mimi. La nne mhasibu. La tano limekufa tangu mvua zile, liruke."

"Mama Mkubwa, hayo ya matundu nani alikuambia?"

"Wewe. Ulikuwa unayasema kwa sauti wakati unafunga nyaya. Ulidhani unaongea peke yako."

Mlinzi alikuja tena, mara ya tatu, ya nne. Kila mara alileta ujumbe nusu, na Mama Mkubwa akaumalizia: huyo mpe namba ya dereva, huyo mwambie mtungi wake uko tayari, huyo anatania, ni shemeji yake mtu wa mauzo. Nikikosea tarakimu moja simu ya chumba cha kujazia ingeita jikoni. Saa ya ukutani ilisema nne na nusu, halafu saa tano kasoro. Tulipofika tundu la arobaini na nane shati langu lilikuwa limenigandia mgongoni kwa jasho.

"Imebaki moja," akasema.

Nilijua. Sifuri. Simu zote za nje zinapokuja, ziende kwa nani. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na hakikushuka.

"Unaipeleka wapi?" akauliza, polepole.

Nikafikiria kusema uongo, na ulikuwapo tayari mdomoni, mtamu, umeshatafunwa. Halafu nikamtazama yule mama aliyenitajia kiwanda kizima kutoka kichwani ili kuficha uzembe wangu, nikaona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Kuna kadi," nikasema. "Nimeichomeka leo asubuhi. Itapokea simu badala yako. Nimejua tangu Ijumaa iliyopita, na nimekula kwako mara mbili nikanyamaza. Nisamehe, Mama Mkubwa."

Akapapasa hadi akalipata goti langu, akalipiga kofi jepesi.

"Meneja aliniambia kabla yako. Akaniuliza kama ni afadhali amwite fundi mwingine, nisiumie kazi hii kufanywa na wewe. Nikamwambia, mwite mwanangu, yeye mkataba wake usikatike. Nilikuwa nangoja tu uniambie mwenyewe. Nilipika zile siku mbili nikingoja."

Hapo nililia. Sioni haya kusema. Nililia na kidole changu bado kiko juu ya kitufe.

"Futa pua," akasema. "Umetumwa kazi, ifanye. Sifuri kwenye kadi."

Nikabonyeza. Nikaweka na sharti la mwisho kama Meneja alivyoagiza: asiyechagua kitufe, akatwe, maana hakuna opereta wa kumpokea. Mtambo ukapiga mlio mfupi wa kukubali.

Haukupita muda, simu ya nje ikaingia. Taa ya laini ya kwanza ikawaka, na kwenye kipaza sauti tukaisikia sauti ya mwanamke wa kwenye kadi, changamfu, haijui mtu: karibu, kwa mauzo bonyeza moja. Kimya. Akarudia. Kimya. Ikakata. Taa ikazima.

Ikawaka tena. Karibu, kwa mauzo bonyeza moja. Ikakata.

Ya tatu ilipokatwa Mama Mkubwa alikuwa amekaa wima.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Ni muuguzi wa zahanati ya milimani. Simu yao ni ile ya kuzungusha kwa kidole. Haina vitufe, atabonyeza nini? Alhamisi anapiga mara moja, kuagiza mtungi wa wiki. Hajawahi kupiga mara tatu mfululizo." Akageuza uso kwangu. "Nipigie. Namba yao naijua."

Nikamfungulia laini, akapiga. Ilikuwa inatumika. Akarudia. Inatumika. Yule muuguzi wa milimani alikuwa anatupigia sisi, sisi tunampigia yeye, na katikati yupo mwanamke wa kwenye kadi anawakaribisha watu na kuwafukuza. Taa ikawaka mara ya nne.

"Irudishe kwangu," Mama Mkubwa akasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusikia sauti yake ikipanda. "Mwanangu, irudishe!"

Tarakimu sita. Nilikosea ya nne nikaanza upya. Nikamaliza, taa ikazima, ikawaka tena, na simu kubwa ya mezani ikaita, kwa mlio wake ule wa zamani, mbele ya mikono yake.

"Kiwanda, habari za asubuhi. Dada, nakusikia. Vuta pumzi. Mtungi umebaki kiasi gani? Watoto wangapi? Wawili. Oksijeni ya saa moja na nusu. Haya, usikate." Akapeleka kidole kwenye kitufe cha laini nyingine bila kupapasa, tayari kumpigia dereva. "Dereva wa pili yuko darajani saa hizi anakunywa chai, ana mitungi minne. Namtuma kwako. Dakika arobaini. Kaa karibu na simu, nitakupigia mimi."

Mazungumzo yote hayakufika dakika mbili. Nilitazama mikono yake na kufikiria sharti nililoliweka kwa kidole changu mwenyewe: akatwe.

Niliingia stoo. Nilisubiri hadi dereva alipothibitisha yuko njiani na laini zote zikatulia. Nikafungua tena zile skrubu sita, nikavunja pakiti ya miaka miwili, nikaweka betri mpya, nikaipima, nikarekebisha tarehe. Nikazima mtambo. Nikahesabu hadi kumi nikiomba Mungu. Nikaichomoa kadi, nikawasha. Kioo kikaandika tarehe ya Agosti, na namba zote zilikuwa mahali pake.

Halafu nikabeba kadi na daftari hadi mezani kwa Mama Mkubwa, nikalifungua.

Meneja aliingia nikiwa naandika. Akaiona kadi mezani, nje ya mtambo, na uso wake ukabadilika.

"Imeungua?"

"Ni nzima, bosi."

"Sasa?"

"Imeandikwa humu."

Akanyoosha mkono kulichukua daftari, lakini Mama Mkubwa akawahi. "Mwanangu, mimi siwezi kusoma hilo. Nisomee."

Nikasimama nikasoma. "Kumbukumbu ya mtambo imepotea leo kwa sababu betri ilikufa. Mara nne niliandika betri sawa, sikuipima hata mara moja. Kosa ni langu. Mipango yote imerudishwa na opereta, kutoka kichwani. Kadi ya kujipokea nimeiondoa. Imekata simu nne za zahanati iliyobakiwa na oksijeni ya saa moja na nusu, ya watoto wawili. Sitaifunga hapa. Fundi." Na sahihi yangu.

"Unajua naweza kuuvunja mkataba wako kwa hayo maneno?" akasema Meneja.

"Najua."

Alilichukua daftari akasimama nalo dirishani, akisoma tena mwenyewe, na mpaka naondoka sikujua ataamua nini, juu yangu wala juu ya kile kiti.

Nikakusanya vifaa vyangu. Mama Mkubwa alivaa vipokea sauti vyake, akanyoosha kamba, akauliza lile swali lake, kama anavyouliza kila baada ya miezi sita.

"Betri umepima?"

"Volti tatu nukta moja, Mama Mkubwa."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Simu ikaita, akapokea.