Changamoto za Wapika Sosi

Mama mkwe alikuwa na jibu moja kwa kila swali la dunia: nzuri. Habari za nyumbani, nzuri. Habari za mguu, nzuri, na huku anachechemea. Alikuwa akisema kwamba mtu mzima haaniki shida zake nje kama nguo.

Ubaya ni kwamba mke wa mwanawe alifanya kazi ofisi ya ushirika, na kazi yenyewe ilikuwa kuwatafutia wakulima fedha za kuongeza thamani ya mazao yao. Maombi ya wafuga nyuki yalipita, ya wakamua alizeti yakapita. Yaliyomtoa jasho ni ya kikundi cha mama mkwe wake, wanawake kumi na wanne wanaopika sosi ya nyanya. Fomu ilifika mahali pa kueleza changamoto, na mwenyekiti, yaani mama mkwe, akaamuru iandikwe: Hatuna, tunamshukuru Mungu. Mkwe akajaribu kusema kwamba mwenye kutaka dawa sharti aseme anaumwa wapi. Akakatwa kauli, kwa upole. Ipo methali ambayo ingemaliza ubishi, ile ya mficha uchi, lakini nani mwenye macho makavu ya kumtolea mama mkwe methali hiyo? Akaandika alivyoambiwa.

Basi mfuko wa ufadhili ukamtuma mkaguzi, mzee mpole mwenye miwani. Alisema hajawahi kuona watu wanaoomba mashine ilhali hawana shida, akaona aje awatazame. Akakuta wanawake wamesugua tangu alfajiri. Sakafu inang'aa, chupa zimejipanga mstari, na makreti ya nyanya zilizooza yamefichwa nyuma ya choo. Akauliza upishi unakwendaje. Vizuri. Nyanya haziharibiki? Mama mkwe akatabasamu, akasema Mungu anasaidia. Mkaguzi akafunga faili lake, akaeleza kwa masikitiko kwamba fedha ni kidogo na wenye shida ni wengi.

Mkwe, aliyekuwa amemsindikiza mgeni, alijua ukweli. Msimu uliopita nusu ya nyanya zilioza, na wanachama watatu walikwisha kuapa kwamba mashine ikikosekana safari hii wanang'oa nyanya wapande mahindi. Kikundi kingekufa, na mama mkwe angejibu nzuri hata kwenye matanga yake.

"Bwana mkaguzi," akasema, "nyanya zinaoza, ziko nyuma ya choo. Ni uvivu tu. Kina mama hawa kazi hawaitaki."

Mama mkwe akageuka polepole.

"Mvivu nani?" akauliza. "Sufuria ni tatu. Tunapokezana tangu jogoo la kwanza, na makreti ishirini yanangoja juani. Vifuniko tunakaza kwa mikono, tazama viganja hivi. Huyu hapa ameungua mara mbili. Nguvu tunazo, mwanangu. Tunachokosa ni jiko."

Hakuishia hapo. Alimshika mkaguzi mkono akampeleka nyuma ya choo, akamwonyesha kreti moja moja, akitaja nyanya zimetoka shamba la nani na zilioza siku gani. Wenzake nao wakafunguka, kila mmoja na lake. Mkaguzi aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima nyingine.

Tangu siku hiyo mama mkwe akawa hasemi na mkwe wake ila salamu. Mkwe alilia. Alimpenda mama yule, na kumfedhehesha mbele ya mgeni kulimuuma kuliko alivyodhani. Hata barua ya kukubaliwa ilipofika, aliisoma ofisini peke yake, furaha nusu.

Jiko la mvuke likaja, na mashine ya kufunga vifuniko. Siku ya kuwasha, meneja wa ushirika alikuwa amekwisha kunyoosha mkono mama mkwe alipomzuia.

"Atawasha huyu aliyetuita wavivu," akasema.

Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega. Mkwe akasogea, macho yamelowa, akaanza kuomba radhi. Mama mkwe akamwinamia sikioni.

"Nilikuelewa siku ileile," akamwambia. "Kilichonifunga mdomo ni aibu yangu mwenyewe. Nilikuacha ulipe deni lisilo lako. Nisamehe, mwanangu."

Mkwe akawasha jiko, na wote wawili wakabaki wamesimama pale, mkono mmoja ndani ya mwingine, wakingoja nyanya zichemke.