Taa Zisizofika Chini

Unalijua lile tangi, usijifanye. Ulikaa mbele yake shavu limevimba, ukisubiri kuitwa kwa daktari wa meno, ukawatazama samaki wa rangi ya chungwa wakirandaranda juu. Kisha jicho lako likateremka mpaka chini, kwenye giza, ukaligeuza upesi na kuokota gazeti la mwaka juzi. Kulikuwa na tumbawe linakufa pale chini. Uliliona, ukanyamaza.

Mama Ndoo hakunyamaza. Yeye ndiye mwoshaji wa tangi hilo la maji ya chumvi, lenye kina cha kumzamisha yeye mwenyewe. Tumbawe lile lilikuja likiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akalilea miaka sita hadi likawa pana kama sinia. Sasa lilikuwa limepauka upande mmoja, na mkubwa wa kliniki alikwisha kutamka: likifa, tangi linang'olewa, inawekwa televisheni.

Ubaya ulikuwa wa taa, maana tumbawe huishi kwa mwanga, na ubaya huo una historia yake ambayo wakubwa wa kliniki wamejitia kuisahau. Mwaka wa kwanza walifunga taa za njano zilizobaki mapokezi. Mwaka wa tatu mkubwa akapenda za buluu kwa sababu samaki walitoka vizuri kwenye picha. Mwaka wa tano zikaja bapa, za kutawanya mwanga, ndugu na zile za maegesho ya magari. Na mara zote tatu walichagua ghorofani, taa imewashwa juu ya meza, mkubwa na kamati yake ya manunuzi wamekunja macho wakiambiana kwamba hii kweli kali. Hakuna aliyewahi kuijaribu majini.

Safari hii kamati ilikuwa imechagua bapa tena, mpya, kubwa zaidi. Fundi umeme alikwisha kuzileta pamoja na nyingine ndogo za mviringo zilizokataliwa. Fundi huyo alikuwa shemeji yake Mama Ndoo, mtu mwenye maneno mengi kuliko nyaya. Mama Ndoo alipopata habari, alipanda ngazi vilevile alivyo, mikono inachuruzika, akamkuta mkubwa anataka kutia saini.

Mkubwa akamweleza kwa upole kwamba taa ni mambo ya kitaalamu, akamuuliza yeye amesomea wapi.

"Nimesomea ndani ya maji mpaka kwapani," akasema Mama Ndoo. "Wewe umesomea mezani. Teremka, bosi, tukasahihishiane."

Shemeji mtu, aliyekuwa pembeni na maboksi yake ya taa, akajifanya anakohoa.

Wakateremka. Mama Ndoo akakifunga kipima mwanga cha shemeji yake ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, akakikaza kwenye mti mpya wa ufagio, akamwamuru mkubwa apige magoti mbele ya kioo asome mwenyewe. Bapa zikawashwa. Kipimo kikiwa juu, sindano iliruka. Kikazamishwa urefu wa mkono, ikalegea. Kilipogusa mchanga, sindano ililala chali.

"Shemeji, umeniulia kipimo," fundi akalalamika kutoka juu ya ngazi.

"Kipimo kizima. Maiti ni hizo taa zenu."

Zikafuata zile ndogo za mviringo, zenye lenzi nyembamba, zinazorusha mwanga moja kwa moja kama maji ya mpira wa bustani. Mezani zilikuwa zimechora kiduara cha sahani tu, ndiyo maana zikachekwa. Fundi akazining'iniza nne kwa mstari. Kipimo kikashuka, kikashuka, kikatua mchangani, na sindano bado imesimama.

Mkubwa akaisoma namba. Akaisoma tena, kwa sauti. Wagonjwa wakapiga makofi, maana kushangilia kwa midomo ile iliyovimba kusingewezekana.

Tena mkubwa akapandwa na ari ya mtu aliyeongoka jana, akataka taa ziwashwe kwa nguvu zote papo hapo. Mama Ndoo akampiga kikofi mkononi. Kitu kilichozoea giza, alimwambia, ukikimulika ghafla unakichoma. Zianze kwa robo, ziongezwe kidogo kila wiki.

Wiki ya tano tumbawe likatoa vidole vyake, vyembamba, vya kijani, hata upande uliopauka. Siku hizi mkubwa hulala kifudifudi mapokezi kila asubuhi, tai begani, akivihesabu, na wagonjwa wanamruka wakienda kung'olewa meno. Habari za televisheni hazitajwi tena.

Umecheka? Vizuri, lakini usikae. Hapo kazini kwenu kuna kitu kinachaguliwa leo, iwe taa, pampu au dawa ya kuoshea sakafu, na anayekitumia kila siku hajaitwa kikaoni. Unamjua, unampita mlangoni. Inuka ukamwite sasa hivi, kabla hawajanunua.