Msomaji wa Nyuma ya Mianzi

Enzi za Mdachi, kutoka Ikolo mpaka Ipinda na kupanda hadi Rungwe, hapakuwa na Mkristo asiyemjua Mwalimu Ambokile. Makala zake katika gazeti la misheni zilisomwa makanisani baada ya mahubiri, na wako watu waliosinzia kwenye mahubiri wakaamka kwenye makala. Sisi tunalitaja jina lake bila taabu. Angetile, mke wa mwanawe, hakuwa na ruhusa hiyo.

Wanyakyusa wana desturi yao ya ukutila: mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, halitaji jina lake, na akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Wamisionari waliipiga vita desturi hiyo, na aliyewasaidia kwa kalamu alikuwa nani kama si Mwalimu Ambokile mwenyewe? Makala aliyoiandika juu ya jambo hilo ndiyo iliyompa sifa kuliko zote. Alisema mkwe ni binti, na binti humkimbia mwizi, hamkimbii baba yake. Watu walifuta machozi. Nyumbani kwake Angetile aliendelea kurukia migombani kama paa, na mzee hakuwahi kusema neno.

Kisha macho yakamharibikia. Kuandika aliweza bado, kwa kupapasa, herufi kubwa kama mayai ya bata, na karani wa misheni akazinakili. Kusoma ndiko kulikomshinda. Mwandishi asiyesoma huanza kujirudia, na watu wa Ikolo walianza kunong'ona kwamba makala zake mbili za mwisho zilikuwa moja.

Angetile alikuwa amepita shule ya misheni, na kama wenzake wa enzi zile, hakuzoea kusoma bila kutoa sauti. Asubuhi moja alikuwa jikoni akingoja ndizi ziive, akaokota gazeti kuukuu akaanza kulisoma. Upande wa pili wa ukuta wa mianzi mzee alikuwa ameketi akiota jua. Hakukohoa wala hakuondoka. Kesho yake mama mkwe, Neli, aliingia jikoni na gazeti jipya, akaliweka juu ya chungu.

"Lisije likalowa huko nje," alisema.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Hakuna aliyeambiwa kitu, na hakuna aliyekosa kuelewa.

Mzee alikuwa na vituko vyake. Alitaka gazeti lisomwe kuanzia nyuma, kwenye habari za waliofariki, ajue nani amemtangulia. Mahubiri ya Wazungu aliyapitisha kwa kupiga miayo. Makala yake mwenyewe ilisomwa na kurudiwa, naye akiitikia "naam, naam" kama vile imeandikwa na mtu mwingine anayemheshimu sana. Asiposikia vizuri alimwambia mkewe, "Mwambie mwanzi upaze sauti." Neli alicheka, "Mwanzi umesikia." Angetile naye alicheka, siku za mwanzo. Makala za mzee zikapata damu tena, na sifa zikarudi.

Mwaka ule misheni iliamua kufungua shule ya wasichana Ipinda, ikawa inatafuta mwanamke wa kufundisha kusoma. Angetile aliitaka kazi ile mpaka akakosa hamu ya kula. Mumewe Eliya, aliyekuwa seremala wa misheni Rungwe, alipokuja nyumbani hakumkatalia.

"Mimi sina neno," alisema. "Ila mchungaji anamsikiliza Baba. Baba akisema huyu anasoma, imekwisha. Asiposema, hata ulie machozi ya damu."

Alimpelekea baba yake ombi lile. "Nimesikia," mzee alijibu. Angetile aliposimuliwa alilichukua neno hilo kuwa ahadi, akalala nalo na kuamka nalo.

Mchungaji alikuja na mgeni Mjerumani aliyekuwa akikusanya habari za wenyeji wanaojulikana kwa kuandika. Waliketi barazani na mzee. Angetile alikuwa jikoni, nyuma ya mianzi ileile, akichochea moto wa chakula chao, masikio yamemsimama.

"Mwalimu," mgeni aliuliza kwa Kiswahili cha kusitasita, "macho yako mabaya. Wewe soma namna gani?"

Mzee alinyoosha mgongo. "Bwana, mimi huamka kabla ya ndege. Nashika karatasi, naiinua kwenye mwanga. Penye giza, Mungu hunionyesha. Basi."

Mgeni aliandika. Neli, aliyekuwa akiwatengea maziwa mgando, alitazama vidole vya miguu yake.

"Kumbe husomewi na mtu," mchungaji alisema. "Mimi natafuta mwanamke wa shule ya Ipinda. Nasikia mke wa Eliya alisoma. Anafaa?"

Angetile alijikuta amesimama.

"Huyo?" Mzee alicheka kidogo. "Shuleni alifika, sikatai. Lakini amekwisha sahau yote. Mwacheni alime mpunga."

Mchungaji alisema ni hasara. Kisha akamwomba mzee amsimulie mgeni ile makala ya mkwe na binti, na mzee akaisema yote kwa kichwa, haikupotea hata herufi. Mgeni alipiga makofi.

Neli alipoingia jikoni alimkuta Angetile analia kwa hasira juu ya sufuria.

"Ulitaka aseme nini, mwanangu? Kwamba mkwe wake ndiye macho yake? Angechekwa mpaka Ngonga."

"Angesema ninasoma, mama. Hayo mengine angeyaficha."

Neli aliinama akasukuma kuni motoni.

"Basi nitakwenda kwa mchungaji mwenyewe."

"Ukamwambie baba mkwe wako ni mwongo? Utarudishwa kwenu siku hiyohiyo, Eliya apende asipende."

Angetile alipakua chakula. Wageni walikula, wakakisifu, wakaenda zao. Kazi ya Ipinda alipewa mwanamke kutoka Rungwe.

Gazeti jipya lilipofika, Neli aliliweka jikoni kama kawaida, akachukua jembe akaenda shambani. Mzee alijisogeza mpaka kwenye kigoda chake, akaketi. Angetile alilifungua gazeti. Mwanzo midomo ilimcheza, akaibana. Alisoma kwa macho tu, taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe, na alipoona anaweza akafunua ukurasa.

Mzee alisubiri. Aliusikia ukurasa ukifunuliwa, na mwingine tena. Alikohoa, akakisogeza kigoda karibu na ukuta, mpaka Angetile akaisikia pumzi yake kwenye nafasi za mianzi. Angetile alidhani atafurahi. Moyo ulimuuma tu, maana njaa ile ya kusoma aliijua.

"Angetile," mzee aliita. Tangu mkwe aletwe nyumba ile, mzee hakuwahi kumtaja jina. "Mwanangu, mke wa Eliya. Najua upo. Nisomee basi, hata hao waliofariki tu."

Angetile alijifunika nguo kichwani, akainama juu ya gazeti. Mkwe mwenye adabu hamjibu baba mkwe wake, naye siku ile alikuwa na adabu kuliko siku zote.