Panda Benchi, Mwalimu

Tangu Ijumaa ile nalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo, na anayetaka kuniamsha aje na sababu ya maana. Mume wangu Kondo anasema nakoroma. Acha nikorome. Miezi yote ile niliyokuwa nagaragara kitandani, yeye ndiye alikuwa anakoroma, na nilimvumilia.

Kilichoninyima usingizi ni mtoto wa kaka yangu, Happyness, yuko darasa la nne. Aliteremka kutoka Vidunda mwanzoni mwa mwaka, baada ya mama yangu, aliyemlea, kuona magoti hayamruhusu tena kumsindikiza shule wakati wa mvua. Kaka yangu yuko kwenye vibarua Morogoro, mama wa mtoto ameolewa kwingine. Nikasema mleteni kwangu Kidodi, nyumba ipo, shule iko karibu, na mimi na Kondo hatukujaliwa mtoto. Nilitamka hivyo mwenyewe, kanisani kule mlimani, mbele ya mama na mchungaji. Mama alinishukuru kwa sauti ndogo. Nyumbani kwangu hajawahi kufika tangu niolewe na Kondo, ambaye ni Mwislamu wa huku bondeni, nami sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilijiona najua.

Siku yake ya kwanza shuleni Happyness alijibu swali kwa lafudhi yetu ya mlimani, nzito, ya kuvuta. Darasa zima likaangua kicheko. Kuanzia hapo akafunga mdomo. Nyumbani nilipata "ndiyo, shangazi" na "hapana, shangazi", basi. Mbuzi wa Kondo ndio aliowapa habari zote, nilimsikia kwa masikio yangu nikiwa jikoni. Nikitokeza tu, kimya. Shuleni hata shikamoo haikutoka, na huku kwetu mtoto asiyetoa shikamoo hakuna anayesema ana haya. Watasema hana akili, au hana adabu, na lawama ya yote mawili inarudi nyumbani kwake.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Timotheo, mzaliwa wa Ruhembe, si mtu mbaya. Aliniita ofisini, akanipa kiti.

"Mama, huyu mtoto hasemi. Ukimuuliza, anatazama dirishani. Kilosa mjini kuna shule ya bweni yenye walimu wa elimu maalumu. Tusubiri mpaka siku ya wazazi. Tusipoona mabadiliko, tumpeleke kule."

Nikamwambia huyu si bubu, wala si mgonjwa. Akaniambia kwa upole kwamba kila mzazi husema hivyo. Upole wake ulinikera, bora angenifokea tu. Shule ile ni nzuri kwa mtoto anayeihitaji, sibishi. Lakini huyu alishaachwa na mama, akatenganishwa na bibi, sasa na mimi nimpandishe basi na sanduku lake? Na kule mlimani ningekwenda kusema nini?

Ndipo akaletwa Mwalimu Joyce, binti wa Morogoro, mwembamba, anacheka ovyo. Akapewa somo la sanaa kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Kabla yake somo hilo lilikuwa hivi: mwalimu anachora kikombe ubaoni, watoto wanakinakili, aliyepatia mkono wa kikombe anapewa vema. Joyce akafuta kikombe. Akawaambia kila mmoja achore kitu anachokijua yeye na mwenzake hakijui, halafu siku ya wazazi asimame kukieleza. Walete maboksi ya sabuni, na masizi.

Hapo sasa ndipo nilipopandwa na hasira. Msimu wa kuvuna, mashamba ya miwa huchomwa moto kwanza ndipo yakatwe, na masizi hupeperuka hadi kijijini. Yanatua kwenye mashuka uliyoanika, kwenye uji, kwenye mapaa. Nimegombana na masizi hayo tangu niolewe. Nikamkuta Happyness uani anayaokota moja moja, anayatia kwenye kopo, kwa ustaarabu kabisa, eti ni rangi. Nilikwenda shuleni na vazi langu la jikoni. Joyce akanipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba huku nafoka.

"Mwalimu, huyu mtoto tunamtaka aongee. Wewe unamfundisha kujipaka masizi!"

"Mama, nikimuuliza saba mara nane, jibu ninalo, na yeye anajua ninalo. Ana haja gani ya kuniambia? Lakini picha yake mimi siijui. Nikitaka kuijua, ni yeye tu wa kunieleza."

Nikaona ni maneno ya chuoni. Nikarudi zangu nyumbani kusonga ugali.

Wiki zikapita. Picha zilibaki shuleni, kwa hiyo sikuiona. Niliona kucha tu, nyeusi ti, na magoti yenye udongo mwekundu. Siku moja aliniomba karatasi ya kung'aa iliyokuwa ndani ya pakiti ya majani ya chai. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu afike kwangu. Nikampa na pakiti yenyewe.

Ijumaa ya wazazi ikafika. Nilivaa gauni la kanisani. Darasani picha zilikuwa zimetundikwa ukutani, na kila mtoto amesimama chini ya picha yake. Nilitaraji aibu. Badala yake Kelvin, mtoto ambaye kwa kawaida huwezi kumsikia bila kumfinya, alituelezea lori la miwa la baba yake lililopasuka gurudumu njia ya Ruhembe, jinsi baba alivyolilinda mpaka asubuhi, na jinsi nyani walivyomlia miwa huku anawatazama. Wazazi walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba yake mwenyewe alikuwa anafuta machozi. Nami nikazidi kuogopa, maana wote walikuwa wanasema, mmoja baada ya mwingine, na sasa aliyebaki ni wa kwangu.

Picha ya Happyness ilikuwa kubwa kuliko zote, maboksi yaliyoshonwa pamoja kwa uzi wa kiroba. Niliitazama nikakosa pa kushika. Viduara, vipande vya mraba, vingine vyeusi, vingine vya kijani, na mstari wa udongo mwekundu unaojipinda katikati. Juu kabisa kiduara kimoja peke yake. Chini, kile kikaratasi changu cha majani ya chai kimebandikwa.

"Mwenzangu," akasema jirani yangu Costancia, ambaye hajui kunong'ona, "hivi ni vifuniko vya sufuria?"

Watu wakacheka. Mwalimu Timotheo akasogea, akainama.

"Happyness, umechora nini?"

Akatazama dirishani.

"Vyombo vya jikoni? Na huyu ni nyoka?"

Wakacheka tena. Happyness akamwangalia, akaiangalia picha, midomo imebana. Nikamgeukia Joyce amsaidie mtoto, naye amesimama tu, mikono nyuma. Nilitamani kumfinya. Mwalimu Timotheo akanyooka, akanitazama kwa huruma. Huruma hiyo niliielewa. Nikaliona basi la Kilosa, nikaliona na sanduku.

Ndipo Happyness akaivuta picha ukutani. Pembe moja ikachanika kwenye msumari. Akailaza sakafuni, akaigeuza kidogo, akaenda nyuma ya darasa akaburuta benchi, linapiga kelele juu ya saruji mpaka pembeni mwa picha.

"Panda benchi, Mwalimu."

Hakuna shikamoo, hakuna naomba. Mtoto wa darasa la nne anamwamuru mwalimu mkuu mbele ya wazazi, na kwa lafudhi ileile ya Vidunda.

"Unasemaje?"

"Umesimama chini. Ukiwa chini huwezi kuona. Panda."

Nikajua sasa tumekwisha. Lakini Mwalimu Timotheo, Mungu ambariki yeye na watoto wake, akavua viatu. Akapanda na soksi zake, akashika suruali magotini, akatazama chini.

"Haya... haya ni mapaa."

"Ndiyo."

"Na hii ni miwa."

"Nyeusi ni iliyochomwa. Kijani bado."

"Na huu ni mto wetu! Ruaha!"

"Ndiyo. Hapa unapiga kona kwenye mawe." Akapiga magoti, akaanza kuonyesha kwa kidole, na maneno yakamtoka kama maji yaliyofunguliwa mferejini. "Huku juu ni kwa bibi. Ukisimama uani kwa bibi vyote hivi viko chini ya miguu yako. Milango huioni, watu huwaoni, unaona mapaa na moshi. Nyie mnachora nyumba zina madirisha. Sisi hatujui madirisha yenu."

Mimi nimezaliwa uani hapohapo. Nimekaa bondeni mpaka nikasahau kwamba kuna mahali watu wanayatazama mapaa kwanza.

Wazazi wakapanga foleni kupanda benchi. Costancia alipopanda akapiga kigelegele.

"Kwangu nako kupo?"

"Ni hapa. Paa lako limetoboka kwa nyuma."

Safari hii walicheka na Happyness, na yeye akacheka. Mwalimu Timotheo bado alikuwa na soksi.

"Na hiki kinachong'aa?"

"Bati la shangazi. Jua likichomoza linamulika mpaka kule juu. Bibi anasimama hapo kila asubuhi kabla hajawasha moto. Likimulika anasema, Bibiana wangu yule. Halafu ndiyo anaenda jikoni."

Bibiana ni mimi. Sikupanda benchi, maana kwa machozi nisingeliona hata benchi lenyewe. Nililia palepale na gauni langu la kanisani, na Costancia akanipa upande wa kitenge chake. Mwalimu Timotheo akaja akasimama karibu nami, viatu mkononi.

"Mama Bibiana, habari za Kilosa tuziache. Huyu haendi popote."

Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu Januari. Nikamshukuru, nikamshukuru na Joyce, nikamwomba radhi kwa siku ile. Akacheka ovyo kama kawaida yake, na safari hii kicheko chake nilikipenda.

Njia nzima ya kurudi Happyness alisema. Alisema habari za Kelvin na nyani, habari za bibi, za mbuzi gani ana kiburi. Kondo alipotupokea uani alidhani nimekuja na mtoto mwingine.

Jumamosi nilimwambia Kondo alete ngazi. Msimu mzima wa kuchoma miwa ulikuwa umelala juu ya bati letu, jeusi lote, halimuliki kitu. Akauliza tangu lini watu wanaosha mapaa. Nilipanda mwenyewe na ndoo na ufagio, na Happyness akasimama chini ananielekeza, hanyamazi hata kidogo.

"Upande wa mlimani, shangazi! Hapo bado peusi. Na pale pembeni. Sugua, bibi anasubiri."

Nikasugua.