Jukwaa Lililozama Ng'ambo ya Barabara

Mpishi aliajiriwa kwenye jukwaa la kuchimba mafuta, huko bahari kuu, kabla jukwaa lenyewe halijaundwa. Vyuma vilikuwa bado kiwandani, lakini ratiba ya mradi ilisema mwezi huu wafanyakazi wako baharini, na Meneja hakuwa mtu wa kubishana na ratiba. Akawapeleka baharini: ghorofa ya tatu ya ofisi, mkabala na nyumba ya Mpishi.

Wakavaa helmeti na majaketi ya kujiokolea. Lifti ikaitwa helikopta. Siku ya kwanza tu Mpishi akatapika kwa mawimbi, wala hakuwa anaigiza.

Mkewe alimwona dirishani akikaanga mayai. Akavuka barabara na nguo safi.

"Baba watoto yuko juu pale," alimwambia mlinzi.

"Yuko mbali sana na nchi kavu, shemeji. Hata simu hazishiki."

Mke akapaza sauti. Dirisha likafunguka.

"Mama watoto, rudi nyuma!" Mpishi akalia. "Utazama!"

Hapo mke akajua maji yamezidi unga. Alimsimulia mama mkwe wake, wakalia, kisha wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mume ni wako, mwanangu," mama mkwe akasema. "Kamwokoe."

Kesho yake kengele ya mazoezi ya dharura ililia. Wote wakashuka mbio, wakajifunga mikanda ndani ya boti la uokoaji lililowekwa kwenye maegesho ya magari. Kanuni ilikataza kushuka mpaka chombo kingine kiwafikie. Hakuna aliyekuwa amefikiria chombo hicho kitatoka wapi. Jua likawachoma. Meneja akaanza kuwaaga wanawe kwa sauti ya chini.

Ndipo mke akatokea akisukuma toroli la zege.

"Chombo hiki hapa. Ila nabeba mmoja mmoja."

"Kina leseni?" Meneja akauliza.

"Kina gurudumu."

"Wanawake kwanza!" Meneja akaamuru. Akatazama huku na huku, hakumwona hata mmoja, akapanda yeye.

Mke akawavusha wote, madereva wakipiga honi. Mpishi alipofika sebuleni alijilaza kifudifudi, akaikumbatia sakafu. Mkewe akaketi kando yake, akimpapasa mgongo hadi tumbo likatulia.

Meneja, kikombe cha chai mkononi, akapigia simu makao makuu. "Watu wote wako salama. Jukwaa tumelipoteza."

Kule wakaiandika hasara. Wakampa pole, wakaagiza jingine.