Mwenye Kucheza Ndiye Anayeondoa Muhogo

Mechi kumi na mbili tulicheza, mechi kumi na mbili tukapigwa. Nasema mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine, maana midomo ya Kisangani haina mlango. Ile ya kwanza walitupiga sabini na moja kwa kumi na tisa. Niliporudi nyumbani mume wangu akaniuliza kama kumi na tisa ni pointi au ni umri wa wachezaji. Siku hiyo alilala bila kula.

Lakini wewe mwenye akili, hesabu pamoja nami. Mechi ya tano tulipigwa kwa tofauti ya thelathini. Ya tisa, kumi na nne. Ya kumi na mbili, sita. Sita, jamani! Na katika wasichana wangu hakuna hata mmoja aliyefika miaka kumi na minane. Mtoto akianguka leo mara kumi na kesho mara tatu, huyo anajifunza kutembea. Ni jambo la kumweleza mtu mzima hilo?

Mimi naitwa Marthe. Nilizaliwa Kindu, Kiswahili changu kimenyooka na hasira yangu vilevile. Asubuhi nafundisha shule ya msingi hapa Lubunga, ng'ambo ya mto, upande ambao watu wa Makiso, kule mjini, wanaukumbuka wakitaka muhogo tu. Jioni ni kochi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Mwaka jana nilikuwa na wachezaji wakubwa. Timu za mjini ziliwachukua wote, mmoja mmoja, kama mtu anavyotoa karanga mfukoni. Ndipo prezida wa timu yetu, papa Augustin, akaniita, akaniambia: "Mama kochi, chukua watoto, uwalee. Mwaka huu hatuangalie matokeo. Tunajenga." Nikamwamini. Mjinga mimi.

Uwanja wetu ni sakafu ya depo la zamani, ghala la mizigo. Depo lenyewe liliondoka na mabati yake, sementi ikabaki, sisi tukasimamisha milingoti miwili. Lakini mtaani kwetu hakuna sementi nyingine ya maana, na kabla yetu ilikuwa na wenyewe: wamama wanaoanika muhogo. Mwanzo wa msimu tuligombana nao mpaka koo zikauma. Mwishowe mama Kadidja, mkubwa wao, ambaye kwa mdomo ananizidi hata mimi, akakata maneno.

"Bon," akasema. "Asubuhi mpaka saa nane, sementi iko yetu. Kisha ya hapo, mwenye kucheza ndiye anaondoa muhogo. Anaondoa na mikono yake, anaweka ndani ya kitunga, havunje, hakanyage. Kama hakuondoa, hachezi."

Tukapeana mikono. Na mimi nikapata shule mahali ambapo sikuitafuta. Wasichana walikuwa wanafika mapema, muhogo bado uko chini, na kwa kukosa subira wakaanza kudunda mpira katika vijia vilivyobaki kati ya mistari ya muhogo, vijia vya kutosha miguu miwili tu. Ukigusa muhogo, unauokota, unauosha, na wamama wanakucheka mpaka jua linazama. Baada ya miezi mitatu mpira wao ulikuwa hauvuki goti, na macho yao yalikuwa mbele, hayatazami mpira tena. Timu gani ya mjini ilifundisha hivyo? Watu wa Makiso wakatuita équipe ya muhogo, yaani timu ya muhogo. Sawa. Huo muhogo wanaula kila siku.

Aliyejifunza kuliko wote ni Benie, namba saba, miaka kumi na sita. Baba yake, papa Léon, ni mvuvi wa Isangi, huko chini mtoni. Mtoto anakaa kwa shangazi yake hapa Lubunga apate kusoma. Mapema katika msimu papa Léon alipandisha mto kuja kumrudisha nyumbani. Kule walitaka msichana wa kusaidia biashara ya samaki, na mpira kwake ulikuwa ni kazi ya kumaliza viatu. Nilimbembeleza. Nilimwapia. Mwishowe akasema:

"Nakupa musimu moja, mama kochi. Mechi ya mwisho nitakuja kuona na macho yangu. Kama mutoto iko anacheza kweli, anabaki, anasoma. Kama iko anakaa tu pale kuangalia wengine, siku ile ile narudi naye."

Alimwachia binti yake donge la uzi wa buluu, ule wa kushonea nyavu. Jezi ya Benie ilipochanika begani kwenye mechi ya sita, aliishona kwa uzi huo. Tuna jezi nane tu, na kila msichana anafua ya kwake nyumbani. Basi ungeitambua ya Benie hata ukiwa ng'ambo ya mto.

Sasa sikiliza ubaya wa mtu.

Alhamisi kabla ya mechi ya mwisho, iliyokuwa Jumapili, papa Augustin akavuka mto na shati lake jeupe. Hakuwasalimu watoto. Akanivuta pembeni.

"Mama kochi, tukipigwa siku ya Mungu tunashuka daraja. Mimi sishuki. Kwa kazi watanicheka. Nimeazima wachezaji wanane, wamama wakomavu, ligi imekubali. Donc, waambie watoto walete jezi. Zifuliwe, zipigwe pasi."

"Na wao watavaa nini?"

"Watavaa nguo zao. Watapiga makofi."

Ee Mungu wangu! Nilimwambia yote. Nilimkumbusha "tunajenga" yake. Nikamwambia baba wa namba saba anatoka Isangi, siku nzima majini, kuja kumwona mwanawe akicheza, na asipomwona akicheza anamchukua, shule imekwisha hapo. Akajikuna shingo.

"Saba, nane, wote ni watoto, watacheza mwaka kesho. Nani prezida hapa?"

Na mimi, mwenye mdomo huu unaousikia, nikanyamaza. Nilihofia akinifukuza watoto watabaki bila mtu. Jumapili mchana nilizikusanya jezi kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo linaniuma mpaka leo, sitalificha. Benie alinipa yake imekunjwa vizuri, bado ina joto la pasi.

"Papa anafika leo," alisema. Hakusema kingine.

Saa nane na nusu wageni wakawa wamefika: Nyota ya Makiso, timu ya pili kwenye msimamo, na kochi wao, tonton Alphonse. Mwamuzi Benoît akafika na filimbi shingoni. Wale wanane wa kuazima walikuwa wamevaa jezi zetu, nyingine zinawabana mpaka kitovu kinachungulia. Watoto wangu wameketi kwenye benchi na nguo zao za kanisani. Na uwanjani, kutoka mlingoti mpaka mlingoti, muhogo. Mweupe, umetandazwa mistari kwa mistari.

Papa Augustin akashuka kwenye toleka, baiskeli ya abiria, akasimama mdomo wazi. Miezi yote hiyo alikuwa anatokea dakika kumi kabla ya filimbi, anakuta sementi safi. Hakuja mazoezini hata siku moja. Labda alidhani sementi inajifagia yenyewe.

"Hii ni nini?" akapiga kelele. "Wamama, ondoeni vitu vyenu!"

Mama Kadidja hakuinuka kwenye kibao chake. "Prezida, mukataba iko moja. Mwenye kucheza ndiye anaondoa."

Benoît akaangalia saa. Akasema saa tisa kamili ni mpira. Ataongeza dakika kumi na tano kama kanuni inavyosema, zikiisha ni forfait, tumeshindwa bila kucheza, na timu inayopigwa forfait nyumbani siku ya mwisho haishuki daraja, inafutwa kabisa kwenye ligi. Papa Augustin akawageukia wale wa kuazima. Wakatazamana. Mmoja akasema amekuja kucheza, hakuja kuokota mihogo, na kucha zake amepaka jana. Basi prezida mwenyewe akainama na shati lake jeupe, akakumbatia muhogo kama kuni. Ukavunjika mikononi mwake. Kelele za wamama, usiniulize! Mama Kadidja akamfukuza pale kama mbuzi.

Ndipo prezida akafanya lile ambalo sitamsamehe. Akanijia, jasho linamtoka, akasema: "Mama kochi, waambie watoto waondoe, haraka."

Umesikia? Amewavua jezi, amewakalisha, sasa wasafishe uwanja ili wengine wacheze!

Kabla sijajibu, nikamwona papa Léon. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi, suruali imelowa mpaka magotini, mkononi samaki wawili wamefungwa kwa kamba. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alikuwa anamtazama mwanamke mnene aliyevaa namba saba.

"Ule si mutoto wangu," akasema polepole. "Lakini uzi iko yangu."

Benie akainamisha kichwa. Mimi nikamgeukia prezida mbele ya watu wote, sikujali kazi wala nini.

"Papa Augustin, kidole hiki hakitagusa muhogo, na cha mtoto yeyote hakitagusa, mpaka jezi zirudi. Tupigwe forfait. Nifukuze. Futa timu. Watoto hawa wamepigwa mechi kumi na mbili kwa ajili yako, na hakuna hata moja waliyokimbia. Ya kumi na tatu ni yao!"

"Dakika nane zimebaki," akasema Benoît.

Halafu yule mnene, Tania jina lake, akavua jezi palepale, akabaki na fulana yake. Akamwendea Benie akamrudishia. "Mudogo wangu, unisamehe. Waliniita kucheza, hawakuniambia naiba nafasi ya mutu." Wengine wakamfuata, mmoja akinung'unika juu ya nauli yake ya kuvuka. Prezida alifungua mdomo, akatazama saa ya Benoît, akaufunga.

Ungeona watoto wangu! Vitunga vikatoka, mikono nane kulia, nane kushoto, muhogo ukainuka mstari kwa mstari bila kuvunjika kipande. Wamama wakiwaimbia. Dakika moja kabla ya muda kwisha, sementi ilikuwa tupu, na wao walikuwa wamesimama katikati na vumbi jeupe mpaka kwenye viwiko.

Sitakudanganya. Tulipigwa. Arobaini na sita kwa arobaini na tatu. Nyota walikuwa wakubwa, wenye mabega, wakatusukuma chini ya kikapu mpaka mwisho. Lakini Benie! Walimwekea watu wawili, akapita kati yao mpira uko chini ya goti, kana kwamba wale wawili ni mistari ya mama Kadidja. Alifunga pointi ishirini na moja, na hakutoka uwanjani hata dakika moja. Zikibaki sekunde kumi tulikuwa nyuma kwa moja. Jemima, mdogo kuliko wote, akarusha, mpira ukazunguka kwenye chuma, ukatoka nje. Nyota wakakimbia wakafunga. Basi. Tumeshuka daraja. Jemima akalia, na mimi nikalia, na siwaonei aibu waliokuwa wanacheka.

Papa Léon hakulia wala kucheka. Alikuwa bado ameshika samaki wake. Nilitaka kumwendea, lakini tonton Alphonse wa Nyota alinitangulia, anatabasamu mpaka jino la mwisho. Akasema wanamtaka namba saba, watamsomesha mjini, watamvusha. Na kabla mvuvi wa watu hajafungua kinywa, papa Augustin akajitosa katikati yao. Shati lake lilikuwa na unga wa muhogo. Akamshika Benie begani, pale penye uzi wa buluu.

"Ah, hapana, hapana! Huyu ni mutoto wetu. Kuzaa si kazi, papa, kazi ni kulea, na sisi ndio tumemulea. Mimi mwenyewe! Mwenye kumutaka azungumuze na mimi prezida."

Saa mbili zilizopita alimtaka apige makofi!

Papa Léon akauliza bila kupandisha sauti:

"Huyu mutoto yako, prezida, jina yake nani?"

Papa Augustin akacheka kidogo. Akaniangalia. Mimi nikatazama mto. Akatazama jezi kifuani kwa mtoto, nayo ina namba saba tu. Akajikuna shingo. Wamama walioanza kutandaza muhogo upya, maana jua lilikuwa bado lipo, wakasimama na vitunga mikononi wakisubiri jibu.

Papa Léon akauondoa ule mkono begani kwa binti yake. Samaki akanikabidhi mimi.

"Mutoto anabaki hapa kwa shangazi yake, mama kochi. Anasoma, anacheza na wewe. Daraja la pili, la tatu, shauri yao." Akamgeukia tonton Alphonse. "Wewe rudi mwaka kesho, umuulize yeye mwenyewe."

Kisha akainama, akaanza kuwasaidia wamama kutandaza, na Benie akaenda kumwonyesha jinsi ya kuacha vijia.

Nikabaki na samaki mikononi na prezida ubavuni. Akanisogelea, akaninong'oneza sikioni.

"Mama kochi. Kwani anaitwa nani?"

Mechi kumi na tatu, jamani. Kumi na tatu!