Mji wa Kumpa Bibi

Jioni ile Chirau alisimama tena chini ya ukuta wa Ngome ya Mombasa, simu sikioni, akamdanganya bibi yake kwamba Maskati kuna joto la kuchoma nyayo.

"Mwanywa nini basi na joto hilo?" bibi akamuuliza.

"Laban, bibi. Klabu yatupa maziwa hayo ya mgando kila siku."

"Alhamdulillahi. Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mwana wangu, kila amwonaye ampiga teke, na akipotea wote wanamlilia."

Chirau alikuwa akikijua hicho tangu ana meno ya maziwa. Ni mpira. Lakini alijifanya hakijui, na bibi akangoja, kisha akasema kama asemavyo siku zote, "Umeshindwa. Nipe mji."

"Maskati," Chirau akasema.

Mchezo huo hata watoto wa leo waujua, ingawa wengi wausoma vitabuni tu. Ukishindwa kutegua huachiwi bure. Hutoa mji, na aliyetega akiupokea huenda huko kwa maneno, akala, akanywa, akaulizwa habari, kisha ndipo akakupa jibu. Bimdogo, bibi huyo aliyemlea Chirau mtaani Kibokoni tangu mama yake aolewe tena Lungalunga, alikuwa fundi wa safari hizo. Na mjukuu wake alipochukuliwa akademia ya mpira Nairobi, miaka kumi na mitatu tu, masikio bado makubwa kuliko kichwa, bibi aliongeza sharti lake mwenyewe. "Zamani ulinipa London na Madridi, nikakubali kwa kuwa ulikuwa mtoto. Sasa utanipa mji utakaolala usiku huo. Nataka niende nikukute."

Basi kila Ijumaa simu ilipigwa, na bibi akasafiri. Alikwenda Nairobi ya akademia, akakuta nyasi kijani kama zulia la msikiti. Alikwenda Nairobi ya klabu kubwa, ambako Chirau alikaa benchi misimu miwili hata akalijua kwa makalio. Alikwenda Thika klabu ilipomwachilia. Alikwenda Nakuru. Alikwenda Busia, kwenye timu iliyoazima jezi za shule, na huko watu wa Busia, alisema, walimkaribisha kwa samaki mkubwa kama mlango. Miji ilizidi kuwa midogo, lakini safari za bibi hazikupungua uzuri.

Kisha wakala mmoja akamwita Maskati kwa majaribio, na Kibokoni nzima ikaja kumwombea dua. Wazee wakasoma, halua ikaliwa, akina mama wakapiga vigelegele dirishani. Chirau akasimama barazani na viatu vyake vipya, akasema maneno ambayo hadi leo akiyakumbuka hufumba macho.

"Mkiniona tena hapa, mtaniona ndani ya gari."

Majaribio yalimshinda. Goti lilifura, na vijana wa huko walikuwa wepesi kama paka. Hakuna aliyemgombeza. Walimpa mkono na tikiti. Aliteremka uwanja wa ndege Mombasa, akaenda Majengo kulala kwa Jared, rafiki wa tangu akademia, usiku mmoja tu, apange maneno ya kumwambia bibi. Maneno hayakupangika. Ijumaa ikafika, bibi akaomba mji, na ulimi ukasema Maskati. Ukishasema Maskati leo, Ijumaa ijayo utasema nini?

Hivyo ndivyo mtu alivyokaa mwaka mzima katika mji wake kama mwizi. Kutoka Majengo hadi Kibokoni ni mwendo wa kumaliza kipande cha muwa, lakini yeye hakuvuka Ngome. Mchana aliosha magari ya wenye nyumba Kizingo. Jioni alifanya mazoezi pamoja na Jared katika Shehena, timu ya makuli wa bandarini katika ligi ya kaunti. Siku moja ufukweni Mama Ngina, timu ikila mihogo ya kukaanga, alimwona binamu yake Mwanakhamis anakuja, akajificha nyuma ya rundo la madafu, akachuchumaa hapo mpaka muuzaji akamuuliza, "Kaka, wanunua ama wataga?"

Ijumaa tu ndiyo iliyomshinda nguvu. Siku hiyo alisogea mpaka chini ya ule ukuta, karibu awezavyo, apate angaa kuvuta harufu ya mtaa wao akisema naye.

Sasa Shehena wakapangiwa kucheza na Kibokoni.

"Mwalimu, Jumamosi mimi sitaweza," Chirau alimwambia kocha wao, Ogutu, mtu wa bandarini mwenye kifua kama pipa. "Goti."

"Goti lako jana liliruka ukuta wa watu Kizingo kufuata mpira," Ogutu akasema. "Winga mwengine sina. Unataka nimvalishe jezi mke wangu Truphosa?"

"Mama Truphosa ana mbio kumshinda," Jared akadakia, na wote wakacheka.

Chirau pia alicheka, lakini goti halikuwa sababu. Hakuogopa kufungwa. Aliogopa mtu mmoja, Kingi, beki wa Kibokoni.

Kingi alimtangulia. Yeye ndiye wa kwanza mtaani kwenda kucheza bara, na ndiye wa kwanza kurudi, mguu umevunjika. Chirau wakati huo alikuwa wa akademia, amekuja likizo, ana raba nyeupe. Kingi alipopita barazani akichechemea, Chirau akasema kwa sauti, "Mtazameni samaki wa mnada! Kakosa mnunuzi, karudi na kapu lake." Baraza lote likaanguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo Kingi akawa Kapu. Hata watoto waliozaliwa baadaye humwita Kapu, wala hawajui kwa nini.

Mechi ilichezwa asubuhi, maana mchana uwanja ulikuwa wa timu kubwa. Chirau alivuta soksi hadi magotini, akainamisha kichwa. Haikusaidia. Mpira wa kwanza ulipomjia, Kingi alikuwa mbele yake, mguu wake bado mzito kidogo, macho yake juu ya mpira tu.

Chirau alingoja tusi. Alijua litakuja, na alijua ni haki. Alingoja kipindi cha kwanza chote. Kingi alimkaba, akamwangusha mara moja, akampa mkono kumwinua, akarudi zake. Tusi halikuja. Wallahi, lingekuja angepumua.

Refa alipopuliza filimbi ya mwisho, Kibokoni wameshinda moja kwa bila, Chirau alimfuata nyuma ya goli.

"Kingi," akasema. Mwaka na miaka alikuwa hajamwita kwa jina lake. "Kwa Mungu, usimwambie bibi."

Kingi alikuwa akifungua viatu. "Nimwambie nini asichokijua?"

"Ajua nini?"

"Kuwa uko hapa. Ajua tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Mimi humpandishia maji, madumu mawili kila siku, ngazi zile zamshinda. Ijumaa hiyo nilikuwapo ulipopiga simu. Yeye hasikii vizuri, huweka simu mezani ikapaza sauti. Mwadhini wetu akaadhini, akakohoa pale pale anapokohoa siku zote. Tukamsikia dirishani, na tukamsikia ndani ya simu yako."

Chirau akaketi nyasini.

"Bibi akanitazama, akaweka kidole mdomoni," Kingi akaendelea. "Nami nikanyamaza. Lakini watu humuuliza uko wapi, Chirau. Kila siku."

"Nisamehe lile jina."

Kingi alitia viatu katika mkoba, akasimama. "Jina ulilitoa barazani. Hapa nyuma ya goli ni mimi na wewe tu."

Akaenda zake.

Chirau alipita Ngome mchana kweupe, jezi ya Shehena mwilini ina tope, viatu mkononi, kichwa chini kama mtu aliyepoteza sarafu. Barazani, bahati yake, wazee walikuwa msikitini. Akapanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshuka. Mkono wake uliinuka kubisha, ukashuka, ukainuka tena. Ngazi za nyumba ile zina mlio, na Bimdogo, hata kama masikio yamechoka, mlio wa nyayo hizo aliujua kwa miguu yake.

"Kitendawili!" sauti ikatoka ndani.

Chirau akameza mate. "Tega."

"Rafiki zangu wawili, hunipeleka niendako na kunirudisha kwangu, lakini nikifika mlangoni nawaacha nje."

Ni viatu. Alikuwa amevishika. Mtoto wa chekechea angekitegua.

"Nimeshindwa, bibi."

"Nipe mji."

Hapo ndipo mtu mzima wa miaka ishirini na sita alipoegemea mwimo wa mlango, machozi yakimchirizika hadi kwenye nembo ya jezi.

"Mombasa," akasema.

Kisha bibi akaanza, taratibu, kama aanzavyo safari zake zote. "Nilikwenda Mombasa. Watu wa Mombasa wakanipokea, wakaniketisha, wakanipa kahawa. Wakaniuliza, Bimdogo, mjukuu wako yu wapi? Nikaona haya kuwaambia. Nikasema yuko Maskati. Kesho wakaniuliza tena, nikasema Maskati. Nina udhu wangu, Chirau, natoka kusali, na mdomo huu huu wasema Maskati."

Chirau alidhani aibu ameshaimaliza yote. Kumbe alikuwa ameonja tu.

"Bibi, nime..."

"Jibu ni viatu," bibi akamkata. "Mlangoni huachwa viatu, haachwi mtu. Ingia."

Akaingia. Bibi alikuwa amekonda, mkono wake mwepesi kama kikoi kilichofuliwa sana. Alimbusu mkono huo, naye akamnusa utosini, kisha akakunja uso. "Wanuka tope. Vua hiyo."

Hakumuuliza la goti, wala la Maskati. Aliifua jezi mwenyewe kwenye beseni, akaisuguasugua, akaikamua, akampa pamoja na vibanio viwili.

"Ianike rosheni. Mimi kamba siifikii."

Rosheni ile yatazama barazani. Kwenye mgongo wa jezi pameandikwa SHEHENA, herufi nene, nyekundu.

"Nitaianika ndani, bibi. Watu wataona."

"Jua liko nje," bibi akasema, akageukia chai yake.

Chirau akatoka. Chini, wazee walikuwa wamesharudi kutoka adhuhuri, na Kingi alikuwa akipita na madumu ya maji. Chirau alibana bega la kwanza la jezi. Mzee mmoja akainua macho, akakinga jua kwa kiganja.

"Eeh! Si Chirau yule? Umefika lini kutoka Maskati? Kapu, hebu mtazame mwenzako!"

"Sikuwa Maskati," Chirau akasema. Sauti ilimtoka ndogo, hawakusikia, ikabidi aseme tena. "Sikuwa Maskati! Walinirudisha. Mwaka mzima niko hapa Majengo, na bibi alikuwa akinisitiri. Na huyo jina lake Kingi. Kapu ni mimi."

Kisha mmoja akaguna, mwengine akakohoa, na kicheko kikalipuka barazani, kile kile cha siku ile. Kingi hakucheka. Alitua madumu, akamtazama juu, akayachukua tena, akaanza kupanda ngazi.

Chirau alisimama pale pale, uso ukimwaka, akakingoja kiishe. Hakikuisha upesi. Basi akabana bega la pili.